Tupeane uzoefu: nani amewahi kusafiri kufuata kupatwa kwa jua?

Mwanzisha uzi (Columbus, Ohio)
Wakuu, salamu. Huku kwetu kuna ubishi: inafaa mtu aombe ruhusa kazini, ajaze mafuta, asafiri kwa ajili ya dakika nne za giza? Mimi nasema inafaa, tena sana. Mliowahi kusafiri tupeni yenu. Naanza.

Tarehe 8 Aprili 2024 kivuli cha mwezi kilipita Mexico, Marekani na Kanada. Katikati ya Columbus jua lilifunikwa zaidi ya asilimia 99, na Waswahili wengi ninaowajua wakaona hiyo yatosha, wakabaki. Sisi tukabanana familia mbili kwenye gari moja, chapati kwenye hotpoti, tukashika barabara ya 33 hadi Wapakoneta, mji wa nyumbani kwa Neil Armstrong.

Hadi dakika za mwisho mchana ulikuwa bado mchana, ila mwanga umepauka na baridi imeanza kupenya shati. Saa tisa na dakika kama tisa alasiri giza likatuangukia. Tukavua miwani maalumu ya kutazamia jua. Pale palipokuwa na jua pana tundu jeusi, taji jeupe limelizunguka na nyuzi zake zimetawanyika, na kwenye ukingo wa chini kidoa chekundu kama kaa la moto. Zuhura inawaka kando. Ukigeuka upande wowote, upeo wote una rangi ya magharibi. Mke wangu alikuwa anasema "Subhanallah" bila kupumzika.

Waliobaki mjini hawakuona taji wala giza. Mwanga wa taji, yaani tabaka la nje la jua, ni hafifu takriban mara milioni kuliko wa jua lenyewe, kwa hiyo kipande kidogo tu cha jua kikibaki, taji halionekani. Ndiyo maana nawasihi watu waingie ndani ya ukanda ambako jua linafunikwa lote, wasiishie mlangoni.

Mchangiaji wa Iringa
Mkuu, ya kwangu ni Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016. Ile haikuwa ya giza, ilikuwa ya kipete: mwezi uko mbali na dunia, hauwezi kulifunika jua lote, inabaki pete ya moto. Miwani hairuhusiwi kuvuliwa hata nukta moja.

Gesti zilijaa, mimi nililala kwa shangazi yangu. Kilichonikaa moyoni zaidi kilikuwa chini ya mti. Kila upenyo kati ya majani ulikuwa umechora jua dogo ardhini. Kwanza vikaja vihilali, na ilipokaribia saa sita mchana vikawa vipete, mamia, vinatikisika kwenye vumbi upepo ukipita. Wanafunzi wa pale wakawa wanavikinga viganjani. Pete ilidumu kama dakika tatu. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa ameeleza sana kabla ya siku hiyo, na watu walifika wakijua wanachokuja kuona. Hilo lilisaidia mno.

Mchangiaji wa Nairobi
Wenzangu, mimi niliwahi kukosa. 3 Novemba 2013, Turkana. Tulipitia Marsabit hadi ziwani, barabara ya mawe, mgongo ukaisha. Jua lingefunikwa kabisa jioni, kwa sekunde kumi na kitu tu. Saa chache kabla, dhoruba ya mchanga ikainuka na mawingu ya mvua juu yake. Tukaona giza limezidi, jua hatukuliona. Pakwach kule Uganda siku hiyo hiyo waliona vizuri. Ushauri wangu: chunguza rekodi za mawingu za mwezi huo kabla ya kuchagua mahali, na uwe na gari la kuhamia kwingine.

Mchangiaji wa Mombasa
Wanangu, 16 Februari 1980 marehemu baba alitupandisha treni hadi Voi. Shule nyingine ziliamuru watoto wafungiwe ndani, yeye akakataa. Akatupa vipande vya kioo cha kulehemu kile cheusi kabisa. Kabla ya adhuhuri kukawa kiza, kuku wakaingia bandani, na baada ya dakika chache jogoo akawika tena. Wazee wengine walikuwa wameshasimama kwenye swala ya kupatwa kwa jua.

Mwanzisha uzi
Shikamoo mzee, ahsante. Swali langu: kupatwa kwa jua kwa 2 Agosti 2027 mnaenda kukutazamia wapi?

Mchangiaji wa Mombasa
Marahaba. Sisi nia yetu ni umra. Kivuli kitapita Makka yenyewe, takriban dakika tano, mchana. Mwanangu anataka Luxor, Misri, kwa sababu huko ni zaidi ya dakika sita na mawingu ya Agosti ni nadra. Joto ni kali pote, kwa hiyo andaeni maji na mahali pa kujikinga na jua mapema. Na vyumba msingoje mwaka wenyewe, tafuteni sasa.