Uzamili wa biokemia na baiolojia ya molekuli: nimchague msimamizi yupi kwa kazi ya mwani wa Pemba?

Bint_Wete
Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba uzamili wa biokemia na baiolojia ya molekuli nje ya visiwa, na fomu inataka nitaje walimu watatu ninaotaka wanisimamie. Kila mwalimu kaandika mstari mmoja tu wa anachokitafiti: "muundo wa protini", "udhibiti wa jeni", "vimeng'enya vya sukari changamano", "vinasaba vya vimelea vya malaria". Mimi nataka kujua kwa nini mwani mnene unakufa na mwembamba unabaki. Hakuna hata mmoja aliyeandika neno mwani. Nichague vipi? Na sampuli za Micheweni zitafikaje huko zikiwa bado na faida?

Pipeti_Mkoani
Waalaykum salaam dada. Neno mwani usilitafute. Kiumbe kinabadilika kwa kila mwanafunzi anayeingia. Mbinu hazibadiliki, kwa sababu mashine na fundi wake hawahami. Chukua makala tatu za karibuni ambazo jina la mwalimu liko mwisho (katika fani hii mwenye maabara ndiye hukaa mwisho), ruka utangulizi, nenda kwenye sehemu ya mbinu. Hapo ndipo utajua utashika nini kila siku kwa miaka miwili.

Mstari wa vimeng'enya utakuvuta, maana karajinani (ute wa mwani unaogandisha) yenyewe ni sukari changamano: galaktosi zilizoungana na kubeba salfeti. Mwani mnene (Kappaphycus) unatoa karajinani ya kapa, inayoganda kwa potasiamu. Mwembamba (Eucheuma denticulatum) unatoa ayota, inayoganda kwa kalsiamu. Kazi huko itakuwa kupandikiza jeni ya kimeng'enya cha bakteria wa baharini ndani ya E. coli (bakteria wa maabara), kusafisha protini kwa safu ya nikeli, kisha kupima sukari iliyokatwa kwa DNS (dawa inayobadilika rangi ikikutana na sukari) kwenye mwanga wa nanomita 540. Linaloharibika mara nyingi ni protini kujikunja vibaya na kuzama kama mashapo. Dawa yake ni kushusha joto la kukuzia kutoka 37 hadi 16 au 18, na IPTG (dawa ya kuiwasha jeni uliyopandikiza) kutoka milimola 1 hadi 0.1. La pili ni bafa (maji ya kutunza pH) yenye potasiamu: kapa inaganda ndani ya kitubu na vipimo vinakuwa ovyo. Tumia sodiamu.

Lakini hiyo haijibu swali lako. Mwani mnene unalemewa na joto na mabadiliko ya chumvi, shina linageuka jeupe na kukatika. Kujua seli inafanya nini kabla ya kufika hapo ni kupima jeni zipi zinawashwa na zipi zinazimwa. Kwa hiyo mstari wa "udhibiti wa jeni", ambao nadhani ulitaka kuuruka, ndio wa kwanza kwako. Wa muundo wa protini uwache. Miaka miwili inaweza kwisha unatafuta fuwele moja ya protini ya kupimia muundo.

Na wa malaria usiwadharau. Wamezoea sampuli kavu, damu iliyokaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, DNA kidogo, PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ngumu. Tofauti ni kwamba kinachozuia PCR kwao ni hemu ya damu, kwako ni mlenda wa karajinani.

Karafuu_Kavu
Mlenda khasa. Kwa DNA huhitaji barafu hata kidogo. Kata ncha za matawi, sentimita 3 hadi 5, pasipo na weupe wala mimea mingine iliyojishikiza. Suuza kwa maji ya bahari yaliyochujwa, si ya bomba, maana maji yasiyo na chumvi hupasua seli. Piga brashi laini ya meno, kausha kwa karatasi, katakata, tia kwenye mfuko wa karatasi ndani ya mfuko wa zipu wenye jeli ya silika mara 10 ya uzito wa mwani. Silika ya buluu ikigeuka waridi, ibadilishe siku hiyo hiyo. Watu wanakausha mwani kama jani la mkarafuu, wakasahau kuwa una maji mengi zaidi, ukaozea ndani ya silika. Ukikauka sawasawa unakatika kwa mlio.

Kutoa DNA: saga miligramu 20. Bafa ni CTAB (sabuni ya kupasulia seli) 2%, chumvi mola 1.4, EDTA milimola 20, Tris milimola 100 ya pH 8, PVP 1%, na beta-merkaptoethanoli 0.2% unayoitia wakati wa kutumia. Nyuzi 60 kwa saa moja, klorofomu na isoamili 24 kwa 1 mara mbili, halafu alkoholi.

Hapo kwenye alkoholi ndipo penye balaa. Karajinani ina chaji hasi kama DNA na inazama pamoja nayo. Ukiona kitubu kinavuta kama bamia, usifurahie wingi. Ongeza chumvi ifike mola 2 kabla ya kutia ethanoli, ili sukari zibaki kwenye maji. Usilaze kwenye friza usiku kucha. Na usiongeze mwani ukidhani DNA ni chache, punguza uwe miligramu 10. Uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 na 280 (260/280) ukiwa 1.8 usikudanganye, tazama 260/230, ikiwa chini ya 1 bado kuna uchafu. Jaribu PCR kwa DNA nzima (isiyozimuliwa), ya 1 kwa 10 na ya 1 kwa 50. Iliyozimuliwa ikifanya kazi na nzima ikagoma, kuna kizuizi, ongeza BSA (protini inayokamata vizuizi).

Neno moja: kutofautisha aina kwa kipande cha cox2-3 cha mitokondria kumeshafanywa, na mbegu za kilimo zilizoanza Paje na Jambiani 1989 zinajulikana zilitoka Ufilipino. Usipeleke hilo kama swali jipya.

Bint_Wete
Nashukuru sana. Basi nikienda kwa mwalimu wa udhibiti wa jeni, silika itatosha?

Pipeti_Mkoani
Haitoshi. Huko utapima RNA, nakala inazotoa jeni ikiwashwa, nayo inaharibika wakati tishu inakauka. Tumia RNAlater (dawa ya maji ya kuhifadhi RNA): vipande visivyozidi nusu sentimita kwa unene, ujazo wa dawa mara 5 hadi 10 ya mwani. Inavumilia wiki moja kwenye nyuzi 25 na mwezi mmoja kwenye friji, kwa hiyo boti ya Pemba hadi Unguja haina shida. Shida ni joto la mchana kwenye gari: weka kwenye boksi lenye vipande vya barafu.

Kikubwa zaidi ni wakati wa kukata. Kwenye bamvua, maji yakitoka mchana, mwani unaachwa juani na jeni za kujikinga na joto zinawaka zote. Ukikata mnene saa sita na mwembamba saa kumi maji yakiwa yamejaa, umepima jua, hukupima tofauti ya mwani. Kata yote kwa saa ile ile, kina kile kile, kamba zile zile, andika joto la maji. Na ukikagua RNA kwenye jeli usishituke kuona mistari zaidi ya miwili: kloroplasti ina ribosomu zake.

Karafuu_Kavu
Kibali cha utafiti na mkataba wa kuhamisha sampuli anza kuviulizia sasa hivi, kabla hata ya barua ya kukubaliwa. Kwa mwalimu andika aya moja tu: mwani upi, kipimo gani katika makala yake unataka kukitumia, na sampuli ngapi unaweza kuleta.