Siku 12, miji 7 ya kale ya Italia: naomba ushauri kuhusu ziara ya wanafunzi wa usanifu majengo

Mratibu wa Kundi
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa usanifu majengo, na muhula huu ninasoma Italia pamoja na wenzangu 13. Tumepewa siku 12 za kusafiri kutoka Roma hadi Venice. Mwalimu wetu ametuachia tupange njia wenyewe, ila ameweka sharti kwamba kila mmoja arudi na daftari la michoro iliyochorwa kwa mkono papo hapo, wala si kunakiliwa kutoka kwenye picha za simu.

Orodha iliyopo ina miji saba: Roma, Siena, Florence, Bologna, Verona, Vicenza na Venice. Nusu ya kundi wanasema hakuna anayejua kama atarudi tena, kwa hiyo tuone kila kinachoonekana. Sisi wengine hatujasahau safari fupi ya mwezi uliopita, ambapo tulipita makanisa manne kwa asubuhi moja, na jioni nilipofungua daftari nikakuta michoro ambayo sikuweza hata kusema ni ya kanisa lipi. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu nimeitamani nafasi hii kwa miaka mingi. Naomba mnishauri: tupunguze miji mingapi, na mtu akisimama mbele ya jengo aanze kuchora nini?

Penseli 2B
Mdogo wangu, ondoa Bologna na Verona, na Roma uipe siku nne kamili. Miji hiyo miwili ina mengi ya kufundisha, lakini kila mji unaoongeza unakula nusu siku ya mizigo, stesheni na kutafuta malazi, na muda huo unakatwa kwenye kuchora.

Kuhusu pa kuanzia, usianze na sura ya mbele ya jengo. Anza na mkato, yaani mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima ili ndani paonekane. Chukua Pantheon, hekalu la kale la Roma lililokamilika zama za Kaisari Hadriano, yapata mwaka 126. Kipenyo cha kuba lake ni mita 43 na ushei, na kimo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu ni hichohicho, maana yake tufe zima lingeweza kukaa ndani ya ukumbi ule. Ukichora duara kwanza, kisha ukalijengea kuta, utaelewa kwa mkono kile ambacho macho peke yake hayakuambii. Halafu onyesha unene wa zege: chini ni takribani mita sita, karibu na tundu ni mita moja na kidogo, na kokoto zake zinazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda, mpaka juu kabisa wakatumia mawe mepesi ya volkano. Hakuna nondo hata moja humo. Mvua ikinyesha siku hiyo msikimbie, bali ingieni mtazame maji yanavyoshuka kupitia tundu na kupotelea kwenye vitundu vya sakafu, ambayo imeinuliwa kidogo katikati.

Bibi Ramani
Naunga mkono, na ninaongeza jambo moja kuhusu Roma. Kila mmoja wenu awe na nakala ya ramani ya Giambattista Nolli ya mwaka 1748. Nolli aliacha nyeupe si barabara na viwanja tu, bali pia ndani ya makanisa na nyua ambazo watu waliweza kuingia, na majengo mengine akayatia giza. Tembeeni nayo mtaa kwa mtaa, mkiuliza ni wapi weupe wake bado uko wazi na ni wapi pamefungwa. Mimi ndivyo nilivyojifunza kwamba mji ni nafasi iliyo kati ya majengo.

Fundi Tao
Nakubaliana na wenzangu kuhusu kupunguza, ila nawasihi, yeyote asiwashawishi kuiacha Vicenza kwa kuwa ni mji mdogo. Msanifu Andrea Palladio alipopewa mwaka 1549 kazi ya kuizungushia Basilica (jumba la umma la mji, si kanisa) baraza mpya zenye matao, alikuta jengo la zamani lenye nafasi zisizolingana. Matao akayafanya yote yawe na upana mmoja, na tofauti akazificha kwenye mianya iliyo ubavuni mwa kila tao, ndiyo maana pembeni kabisa mianya hiyo imebanwa sana. Nendeni na utepe wa kupimia, kwa kuwa ukitazama kwa mbali hutaligundua hilo.

Florence, kuba la kanisa kuu lililojengwa na Brunelleschi (1420 hadi 1436) mlipande kwa ngazi zake 463, maana njia inapita katikati ya maganda yake mawili. Nafasi huwekwa mapema. Makumbusho mengi ya serikali hufungwa Jumatatu, na makanisa mengi madogo hufungwa saa za mchana, hivyo mchana uwe wa viwanja na mitaa.

Mratibu wa Kundi
Ninawashukuru kwa dhati. Nimepeleka pendekezo jipya: Roma siku nne, Siena mbili, Florence tatu, Vicenza moja na Venice mbili, na wengi wamelikubali. Limebaki suala moja. Mwenzetu mmoja huchora polepole mno, na kila mara kundi huondoka akiwa bado yuko kwenye mistari ya kwanza. Nifanyeje bila kumvunja moyo?

Penseli 2B
Msitembee kama msafara, mdogo wangu. Pale Siena, kwa mfano, kubalianeni saa ya kukutana chini ya mnara wa uwanja wa Campo, kisha kila mtu achague pake. Huyo mwenzenu akae muda wa saa tatu akichora mteremko wa uwanja na zile sehemu tisa za matofali zinazoelekeza maji mahali pamoja, na wenye mkono mwepesi wapande kwenye ukuta wa kanisa kuu lililokusudiwa kupanuliwa kabla ya tauni ya 1348 kusimamisha kazi. Jioni wekeni madaftari yote mezani, na yeye awe wa kwanza kueleza alichokiona.