Datsun 160J haina nguvu kwenye mizunguko ya chini ya injini, nisogeze kemshafti (shafti inayofungua valvu)?

Wakuu naombeni ushauri, nina Datsun 160J ya marehemu baba, injini ni L16, kabureta imesafishwa na taimingi ya plagi iko sawa ila kwenye mlima mpaka nirudi gia ya pili ndo ivute, inaniuma sana. Sasa ile gia ya kemshafti ina matundu matatu, pini iko namba 1, nikihamia namba 2 kemshafti inatangulia digrii 4 za krenki (shafti kuu ya injini), valvu za kuingiza zinafunga mapema na nguvu inahamia mizunguko ya chini, mizunguko ya juu nitapoteza kidogo sio mbaya. Cheni inayozungusha kemshafti ni ya zamani, nibadilishe kwanza? Kabari ya mbao ya kuzuia tenshena (kikaza cheni) isichomoke ninayo tayari. Aliyewahi kufanya anisaidie tafadhali