Naombeni ushauri: maneno ya Kiingereza ya juhudi na kufaulu hayakai kichwani, nina QT Novemba

FundiMoro
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Morogoro, kazi yangu ni cherehani. Nilimaliza la saba 2009 nikachaguliwa kwenda sekondari ya kata lakini sikwenda, ada ilikuwa elfu 20 kwa mwaka ila ukijumlisha na michango na sare mzee hakuiweza. Mwaka huu nimejiandikisha kituo cha jioni nifanye QT (ule mtihani wa maarifa wa sisi tusiopita sekondari) mwezi wa 11, na Mungu akijalia baadae nikae form four kama private.

Masomo mengine naenda nayo pole pole, shida yangu ni English. Mwalimu katupa karatasi ya maneno kama 60, yote ya juhudi na mafanikio shuleni, perseverance, diligent, achieve, succeed, effort, obstacle, overcome, kasema tuyajue alafu tuandike composition ya mtu aliyepambana mpaka akafaulu. Nayakariri usiku nikimaliza kushona, ishirini ishirini, asubuhi nikijiuliza nakumbuka matano. Na hayo matano nikiyatumia yanarudi na wino mwekundu. Niliandika "I study hardly every night because I want to win the exam", na nyingine "I tolerate until I success". Zote kapigia mstari, hakuandika kosa ni nini, tuko wengi darasani nadhani muda hana. Siku ya tatu leo naziangalia sioni kosa, maana kamusi inasema win ni kushinda na tolerate ni kuvumilia.

Kinachoniuma hii mada ndio maisha yangu mwenyewe, ingekuwa kwa Kiswahili ningejaza daftari zima. Mliopita njia hii mlifanyaje? Mnisaidie jamani.

KijanaWaPosta
Hongera sana dada. Ushauri wangu tafuta past paper za miaka kama mitano nyuma, kariri composition mbili tatu nzima nzima ukaziandike kule. Mtihani ni mtihani, Kiingereza cha kuongea utajifunza baadae.

MwlMstaafu
Past paper azipate, hapo niko na wewe, ila composition ya kukariri swali likigeuzwa kidogo tu mtoto amekwama, nimesahihisha madaftari miaka mingi nimeliona hili kila mwaka na linaumiza.

FundiMoro mwanangu, twende kwenye sentensi zako, maana makosa yako ni ya mtu anayefikiri. Wewe umechukua neno moja la Kiswahili ukalitafutia neno moja la Kiingereza, na hapo ndipo unapopotea.

Anza na "hardly". Umeona "quick" inakuwa "quickly" ukadhani na "hard" inakuwa hivyo hivyo. Hard haibadiliki, ni "I study hard". Hardly ni neno jingine kabisa, maana yake ni kwa shida sana au karibu na hapana. Kwahiyo ulimwandikia mwalimu kwamba kila usiku karibu husomi kabisa, kinyume cha ulichotaka kusema!

Win. Unashinda mechi, uchaguzi, zawadi, yaani kuna mtu umemzidi au kuna kitu mlikigombania. Mtihani hugombanii na mtu, mtihani unaufaulu, na neno lake ni "pass". Na usiweke "in" hapo katikati, sema "I want to pass the exam".

Tolerate sasa, hili ndio kubwa kwenye mada yako. Kiswahili chetu kimetia vitu vingi kwenye kapu moja la "kuvumilia". Jirani kafungulia redio mpaka usiku wa manane wewe umenyamaza, hiyo ndio tolerate, unaiachia kero ipite. Unasubiri daladala saa nzima bila kulalamika, hapo una "patience". Lakini kushona mchana ukasoma usiku, ukafeli zoezi, kesho ukarudi tena darasani, huko ni kung'ang'ana na jambo ni gumu, na ndiko kunakoitwa "perseverance". Kitendo chake "persevere". Tofauti ni kwamba mwenye tolerate kakaa, mwenye persevere anatembea.

Na angalia sana hilo neno lisije likageuka "preserve", hiyo ni kuhifadhi kama mtu anavyokausha samaki asiharibike. Sikio litakusaidia, persevere uzito uko mwishoni, pasi-VIA, preserve inatamkwa pri-ZAV.

Ya mwisho, success ni jina la kitu, mafanikio. Anayefanikiwa ana-succeed. Mtu wa hivyo ni successful. Jambo lililofanyika vizuri limefanyika successfully. Hayo manne ni ndugu wa nyumba moja, yasome pamoja. Kwenye karatasi yako ya maneno 60 utakuta familia kama hizo kibao, ukizikusanya mzigo unapungua wenyewe.

MamaJunia
Mwalimu shikamoo. Nimesoma na mimi nimepata kitu, mwanangu yuko form one anaandika "I will win exam" kila siku na mimi namsifia.

MwlMstaafu
Marahaba mama. Endelea kumsifia, ila mrekebishie hiyo moja.

BodaMsomi
Dada mimi nilifanya QT nikiwa naendesha boda, nikafaulu, form four nikarudia mara mbili. Ishirini kwa usiku mmoja ni mengi sana kwa mtu aliyechoka, nilijaribu hivyo nikawa nalala juu ya daftari. Kilichonisaidia ni matano tu kwa siku, na kila neno naliwekea sentensi inayonihusu mimi, sio ya kitabuni. Mfano "obstacle" sikuandika kizuizi, niliandika "Rain is an obstacle in my work" maana mvua ikinyesha abiria hakuna. Mpaka leo silisahau. Alafu nayarudia kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki, lile linalogoma narudi nalo kwenye matano ya kesho. Wewe una cherehani, bandika karatasi hapo ukutani mbele yako uwe unasema kwa sauti huku unashona, mteja akikushangaa muache ashangae.

Kingine "effort" na "afford" yalinitesa sana kwa sababu masikioni kwetu yanafanana. Effort ni juhudi, EFAT. Afford ni kumudu gharama, a-FOD. "My father could not afford it" ni hakuweza kulipia. Nilishawahi kuandika "I put afford in my studies", yakarudi.

KijanaWaPosta
Nimekubali mwalimu. Ila swali, kukata tamaa si ni "cut hope"?

MwlMstaafu
Hapana, ni "give up". Na ukitaka kuongeza kitendo mbele yake kiishie na ing, "She never gave up learning". Usiseme gave up to learn.

MtuWaMbulu
Naongezea na mimi. FundiMoro unatafuta mtu aliyepambana wa kumwandikia, mbona tunaye wa nyumbani. John Stephen Akhwari wa Mbulu. Olimpiki ya Mexico City 1968 kwenye marathoni alianguka akaumia goti vibaya, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishachukua dhahabu zaidi ya saa moja nyuma, giza limeingia, watu wengi wameshaondoka uwanjani, ndipo Akhwari akaingia anachechemea mpaka mstari wa mwisho. Alipoulizwa kwanini hakuacha alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Sisi huku tumekua na hii habari, mimi hata leo nikiisimulia koo linakaza.

Sasa ona maneno yake yalivyo mepesi, jibu lote limebebwa na "start" na "finish", ya darasani kabisa. Iandike kwa sentensi fupi fupi kumi, kila moja iwe na neno moja la kwenye karatasi yako. Nadhani ukiweza hiyo, ya kwako pia utaiweza.

FundiMoro
Mungu awabariki wote, kweli nimelia kidogo hapa. Mwalimu shikamoo. Kumbe nilimwambia mwalimu wangu sisomi! Nimejaribu jana usiku, naombeni mnisahihishie:

"I left school in 2009 because my father could not afford the uniform and the contributions. I became a tailor. Many times I wanted to give up, but I kept on learning. I work hard in the day and I study hard at night. Despite of being tired, I will sit for my exam in November and I will pass it."

MwlMstaafu
Marahaba mwanangu. Nimeisoma mara mbili. Futa "of" moja tu, "despite being tired". Yenye of ni "in spite of", watu wanazichanganya mpaka chuo kikuu. Mengine usiguse. Hiyo afford umeiweka pale pale panapotakiwa.

BodaMsomi
Dada umetisha.

FundiMoro
Nimeifuta. Usiku huu naandika ya Akhwari. Mwalimu moja tu la mwisho, alianguka ni fell au felt?

MwlMstaafu
Fell. Felt inatoka kwenye feel, alihisi. He fell, he felt pain, he got up. Anzia hapo.