Naombeni ushauri: bangili ya fedha kwa mfano wa mlango wa nakshi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni sonara hapa Unguja, Mji Mkongwe. Biharusi mmoja anataka bangili ya fedha yenye sura ya mlango wa nyumba yao. Nimekwenda kuuangalia siku tatu. Kumbe na mlango nao umepambwa kama mwanamke! Nakshi za juu ni kidani, njumu za shaba, zile zilizopigiliwa kama misumari, ni vipuli, na mnyororo uliochongwa kwenye fremu ni mkufu hasa.

Bawaba si tabu. Bangili itafunguka vipande viwili, na mfaa, ule ubao wa kusimama wa katikati ya mlango, utakaa katikati kuficha pini, kama unavyoziba mwanya wa mbao mbili za mlango. Hapo nilijisifu kidogo.

Tabu ni nakshi. Mlangoni zimechimbwa ndani, jua likipiga, kivuli ndicho kinachozichora. Kwenye fedha ya upana wa sentimita 2, nikishang'arisha tu, mayungiyungi na magamba ya samaki yanapotea. Nitie weusi vishimoni, au nipunguze nibakishe mnyororo na yungiyungi moja? Mimi naona nipunguze, lakini mama yake biharusi anataka yote yawepo. Mliowahi kufanya, nisaidieni. Harusi ni mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.