Ushauri: kidonda cha mguu hakifungi, mwarobaini na karafuu

Mwana_Matondoni: Assalaam aleikum wadau. Mamangu ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu tangu Maulidi. Nakiosha kwa maji ya majani ya mwarobaini, kisha napaka mafuta ya karafuu. Nizidishe karafuu, au nipondee kitunguu saumu? Usingizi sina.

Nahodha_Mkanda: Mwarobaini ndiyo dawa. Babu alikatwa na chaza, akafungwa majani, akapona akarudi baharini. Enzi hizo nguru walikuwa wakubwa, si hawa wa sasa.

Ummu_Shela: Pesa za bando hamkosi, za kumpeleka mzazi kwa daktari hamna. Radhi ya mama haiko kwenye simu.

Kadzo_Malindi: Mimi ni muuguzi. Kitunguu saumu kibichi kitamuunguza, na mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa pia. Ni kweli alisini, inayotokea kitunguu kikipondwa, huua bakteria kwenye sahani ya maabara, na eujenoli ya karafuu vilevile. Kwenye sahani dawa inawafikia moja kwa moja. Kwenye kidonda wamejificha ndani, chini ya nyama iliyokufa. Mama anasikia maumivu kwenye kidonda? Ana sukari?

Mwana_Matondoni: Hata haumwi, ndiyo maana naona majani yanasaidia.

Kadzo_Malindi: La sukari hujajibu.

Mwana_Matondoni: Anayo, ya miaka. Alipewa antibiotiki akaziacha katikati, zilimvuruga tumbo. Msinilaumu, yeye mwenyewe hataki kurudi. Jirani alikwenda na kidonda, akarudi bila mguu. Na mbona dawa ya malaria ilitoka kwenye majani huko Uchina, yule mama akapewa Nobel?

Msomi_wa_Pwani: Tu Youyou, 2015. Lakini hakuishia kwenye kuchemsha majani. Aliona joto linaharibu kiini cha dawa, akakitoa kwa etha, kimiminika cha maabara, kwenye joto dogo. Ndipo artemisinini ikapatikana, ikapimwa, ikajulikana mgonjwa apewe kiasi gani. Wewe majani yako umeyapima kwa kipimo gani?

Jicho_la_Kunguru: Mimi nanusa biashara. Mwanachama mpya, kidonda, karafuu. Kesho ataibuka mwenzake na chupa ya mafuta na namba ya kutuma pesa. Weka picha.

Fundi_Jahazi: Ikiwa anauza, mimi lita moja. Punda wangu ana kidonda mgongoni 😂

Nahodha_Mkanda: Punda mpeleke kliniki ya punda pale Amu (Lamu mjini), wanatibu bure.

Mwana_Matondoni: Wallahi siuzi kitu. Mguu wa mamangu siuweki hapa watu wauchezee. Na kuna jambo sikusema: tangu jana kidole kinageuka cheusi.

Jicho_la_Kunguru: Kama ni kweli, samahani. Mkimbize.

Kadzo_Malindi: Basi suala la karafuu limekwisha. Haumwi kwa sababu sukari imeharibu mishipa ya fahamu. Weusi huo ni nyama inayokufa, damu haifiki. Wengi hukatwa mguu kwa kuchelewa, na hofu ya kukatwa ndiyo inayowachelewesha. Funga kitambaa safi kikavu, asiukanyagie, na iwe leo.

Mwana_Matondoni: Kaka ana mashua, maji yakijaa tunatoka kwenda Amu. Ila majani nayabeba, bila hayo mama hapandi chomboni.

Kadzo_Malindi: Beba, uwaonyeshe na uwaambie umepaka nini. Na pakiti ya zile dawa alizoziacha usiisahau nyumbani.