Nimeuziwa reli feki za cheni ya taimingi ndani ya boksi la jenuini, na muuzaji anasema kosa ni langu kwa sababu nilifunga mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa mpangilio ili asiwepo wa kusema kwamba nimemwonea mtu.

Nina Toyota Noah ya AZR60, yenye injini ya 1AZ-FSE. Tofauti na Noah zilizoitangulia zenye injini ya 3S, ambazo taimingi yake, yaani kuzungusha shafti za vali kwa wakati wake, inafanywa na mkanda, hii inatumia cheni, na kwa miaka mingi mafundi wametuimbia kwamba cheni haibadilishwi mpaka injini ife. Wanachokiacha ni kwamba tensiona, yaani kifaa kinachokaza cheni hiyo, inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo gari likiendeshwa na oili iliyogeuka kuwa tope, tensiona inazembea, cheni inalegea na kuanza kuzichapa reli zake za plastiki, zile zinazoiongoza isiyumbe, hadi zinalika. Gari langu lilipita mikono miwili kabla ya kunifikia, na oili yake sijui nani alikuwa akiikumbuka. Kila asubuhi nilipoliwasha lilitoa mlio kama wa kopo la misumari linalotikiswa, kisha likatulia. Baadaye taa ya injini ikawaka na mashine ya kupimia ikasoma P0016, maana yake mizunguko ya krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua vali) imepishana.

Nilinunua seti kamili Gerezani, kwenye duka ambalo sitalitaja, kwa shilingi 280,000, baada ya kuuliza mara tatu kama ni jenuini na kujibiwa mara tatu kwamba ni jenuini. Boksi lilikuwa na stika na namba zake zote. Kwenye risiti kijana akaandika "cheni 1, tensheni 1, gaidi 2", akimaanisha "guide", yaani reli, na nilicheka wakati ule nisijue kwamba neno hilo la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa usahihi kabisa.

Kazi ilinichukua Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku. Niliinyanyua injini kwa winchi ya kuazima, nikatoa mkono wa injini wa upande wa kulia, puli ya krankshafti, kava la vali, sampu (beseni la oili chini ya injini) na hatimaye kava la mbele lenyewe, ambalo limegandishwa kwa silikoni na halitoki kwa maneno matamu. Dalili ya kwanza niliiona hapo, nilipoitandaza cheni mpya kwenye mkeka. Cheni ya asili huwa na pingili tatu zilizopakwa rangi, mbili za kukaa kwenye alama za gia za kamshafti na moja kwenye alama ya krankshafti. Hii yangu haikuwa na rangi hata moja. Nikailaza sambamba na ile kuukuu, nikahesabu pingili moja baada ya nyingine, mara mbili, kisha nikaweka alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Dalili ya pili ilikuwa tensiona: kitasa chake kikiwa kimeng'ata meno, pistoni yake haipaswi kurudi ndani hata uikandamize vipi, lakini hii ilirudi kwa dole gumba tu, kama kalamu ya kubonyeza. Niliitupa kando, nikaisafisha ile ya zamani, nikaijaribu, ikashika vizuri, nikaifunga.

Nakiri kwamba hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Reli nazo zilikuwa na mshono wa kalibu uliojitokeza kiasi cha kukwaruza kidole, lakini gari lilikuwa limetapakaa uani, Jumatatu ilikuwa inakaribia, nikajipa moyo. Nilizungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, alama zikarudi mahali pake, nikawasha, ikanguruma kimya kimya.

Siku ya 23 mlio ulirudi, tena mbaya zaidi. Nilipofungua upya nilikuta reli isiyocheza, ile inayoshikwa na bolti mbili, imekatika kwenye tundu la bolti ya juu, na vipande vyake vimeshuka kwenye sampu na kuziba nusu ya chujio la pampu ya oili. Ningeendesha wiki nyingine moja, ningekuwa natafuta injini nzima.

Nimelirudia duka lile na vipande mkononi. Jibu la kwanza lilikuwa lile lililopigwa muhuri kwenye risiti, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Jibu la pili ni kwamba nimechanganya spea mpya na tensiona kuukuu, kana kwamba si ubovu wa tensiona yao ulionilazimisha. La tatu, lililoniudhi kuliko yote, ni kwamba kazi hii ingefanywa na fundi reli isingevunjika. Nimemuuliza fundi gani anayeweza kuifanya plastiki hafifu iwe ngumu kwa kuifunga yeye, akaniambia nisimharibie biashara mbele ya wateja.

Boksi, reli iliyovunjika, tensiona isiyoshika na risiti nimeviweka kwenye mfuko mmoja, na Jumatatu navipeleka Tume ya Ushindani, kwa sababu bidhaa bandia ni kazi yao. Wakati huohuo nawaomba wenye 1AZ waliowahi kufunga reli za asili waweke picha za upande wa nyuma, pale kwenye matundu ya bolti, ili nijue ninachotakiwa kukiona kabla sijalipa tena. Gari liko juu ya matofali, na safari hii silifungi mpaka nilinganishe kipande kwa kipande.